Kaburi, jalala au sakafu ya nyumba: uamini kipi ukitaka kuwajua watu wa kale?

Mtu anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia zama za mawe, na msomaji wa kawaida anayetaka tu kujua watu wa kale waliishije, wote hukwama mahali pamoja. Maeneo yaliyochimbwa na wanaakiolojia ni mengi, na karibu kila moja limewahi kutangazwa kuwa limebadilisha historia. Ukichagua kwa kufuata umaarufu utaishia kwenye dhahabu na wafalme, kisha utashangaa kwa nini bado hujui mkulima wa wakati ule alikula nini jioni.

Afadhali uanze kwa kuuliza vitu vilivyochimbuliwa vilifikaje ardhini. Vya kaburini viliwekwa kwa makusudi. Vya jalalani vilitupwa na mtu ambaye hakutarajia kuvifikiria tena. Vya kwenye sakafu ya nyumba vilianguka, vikakanyagwa, vikasahaulika pembeni mwa jiko. Hivyo vitatu ndivyo ninavyovilinganisha hapa. Niseme mapema kwamba nina upendeleo kwa jalala, ingawa miaka ya karibuni maabara zimelipa kaburi nguvu ambayo zamani halikuwa nayo.

Kaburi

Maiti haulizwi sanda. Methali hiyo ingestahili kubandikwa kwenye kila kabati la makumbusho lenye vitu vya makaburini, kwa sababu kila kilichomo kilichaguliwa na walio hai: watu wenye huzuni, au wenye deni, au wenye hamu ya kuonekana na majirani. Kwa hiyo kaburi ni shahidi mzuri wa imani na cheo, na shahidi wa mashaka kuhusu maisha ya kila siku.

Chukua makaburi ya Varna, nchini Bulgaria, yaliyogunduliwa mwaka 1972 na yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Kaburi namba 43 lilikuwa la mwanamume aliyezikwa na dhahabu nyingi kiasi kwamba ni rahisi kusema mara moja: huyu alikuwa mtawala. Lakini yapo makaburi mengine palepale yenye dhahabu tele na hayana maiti kabisa. Mali ilizikwa, mwenyewe hakuwemo. Dhahabu ile inathibitisha kwamba jamii ya Varna ilikuwa na utajiri na ilikubali kuufukia mbele ya macho ya watu. Nani aliutawala utajiri huo, na kwa nguvu gani, ni jambo ambalo dhahabu haisemi.

Hata hivyo, kuna maswali ambayo bila kaburi hungeyauliza. Sungir, nchini Urusi, watoto wawili walizikwa yapata miaka 34,000 iliyopita pamoja na shanga zaidi ya 10,000 zilizochongwa kutoka kwenye pembe za mamothi, tembo wa kale wenye manyoya. Kazi hiyo ilikula maelfu ya saa za watu ambao walipaswa pia kuwinda ili waishi. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuwa amepata heshima hiyo kwa ushujaa wake mwenyewe. Basi wawindaji wa wakati wa barafu, ambao vitabu vingi huwaeleza kama watu waliokuwa sawa wote, walikuwa na namna fulani ya kumtofautisha mtu tangu utotoni. Kwa miaka mingi watoto hao walielezwa kuwa mvulana na msichana. DNA iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wote wawili ni wavulana, tena si ndugu wa karibu.

Mwaka huohuo wa 2017 kaburi jingine lilizua zogo kubwa zaidi. Kule Birka, Sweden, mwaka 1878 lilifukuliwa kaburi lenye upanga, shoka, mikuki, mishale na farasi wawili. Kwa zaidi ya karne moja aliyelala humo aliitwa shujaa wa kiume wa Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Mifupa ilipopimwa DNA ikawa ya mwanamke. Silaha zilikuwa zilezile, kaburi lilelile. Kilichobadilika ni jibu la swali ambalo watu walidhani wamekwisha kulijibu kwa kutazama upanga.

Kwa hiyo, ukichagua kaburi, ujue umechagua mashahidi wawili walio katika shimo moja. Vitu vilipangwa na wafiwa. Mwili haukupangwa na mtu. Gamba la jino hujengeka utotoni, na hubaki na alama za kemikali za maji na chakula cha mahali mtoto alipokulia. Ndiyo sababu mtu aliyezikwa yapata mwaka 2300 KK karibu na duara la mawe la Stonehenge, Uingereza, na kufukuliwa mwaka 2002, alijulikana kuwa amekulia upande wa milima ya Alps, mbali kabisa na kaburi lake. Hakuna kifaa alichozikwa nacho ambacho kingesema hilo kwa uhakika wa namna hiyo.

Mashahidi hao wawili wakipingana, mimi humwamini mwili. Mfano mzito ni makaburi ya kifalme ya Ur, Irak, yaliyochimbwa na mwanaakiolojia Leonard Woolley katika miaka ya 1920 na 1930. Katika shimo moja kulikuwa na watu 74, wengi wao wanawake waliopambwa kwa dhahabu na vito, wamelala kwa safu. Woolley aliona utulivu wa ile safu akahitimisha kwamba watumishi walikunywa sumu kwa hiari ili wamfuate bwana wao. Mafuvu mawili kutoka makaburi hayo yalipopigwa picha za CT, yalionekana yametobolewa kwa pigo la silaha. Ile safu ya utulivu ilipangwa baadaye, na waliobaki hai.

Vilevile mwili husema kuhusu vita kuliko mashairi ya ushindi. Jebel Sahaba, Sudan, makaburi ya watu 61, yenye umri wa zaidi ya miaka 13,000, yalichimbwa katika miaka ya 1960 kabla eneo halijafunikwa na maji ya bwawa la Aswan. Kwa muda mrefu yalielezwa kuwa ushahidi wa vita moja kubwa ya kale. Mifupa ilipochunguzwa upya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021, ilionekana kwamba watu wengi walikuwa na majeraha yaliyopona pamoja na yale ya mwisho. Huyu alipigwa mshale akapona, miaka ikapita, akapigwa tena. Hayo si mapigano ya siku moja. Ni maisha ya kushambuliana mara kwa mara, pengine wakati rasilimali za bonde la Mto Nile zilipokuwa zikiyumba kwa mabadiliko ya hali ya hewa.

Kinyume chake ni Lothagam North, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya. Wafugaji walioishi huko miaka 5,000 hivi iliyopita walijenga jukwaa kubwa la mawe lenye shimo katikati, wakazika humo watu wanaokadiriwa kufika angalau 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alikuwa na mapambo. Hakuna aliyetengwa na wenzake kwa utajiri. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ujenzi mkubwa wa pamoja hutaka mtawala wa kuwasimamia watu. Makaburi haya yanaonyesha watu waliojenga kitu kikubwa bila dalili ya mtawala, na katika kipindi ambacho mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma.

Na wakati mwingine kaburi halina mali yoyote, bado likasema mengi. Katika pango la Panga ya Saidi, Kenya, mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, miaka 78,000 iliyopita. Watafiti walimwita Mtoto. Jinsi kichwa chake kilivyoinama baada ya kuoza inaonyesha kwamba kiliegemezwa juu ya kitu kilichokuja kutoweka, na jinsi mabega yalivyobanwa inaonyesha alifungwa ndani ya kitu. Hakuna dhahabu hapo, hakuna silaha, na kwa maoni yangu ni moja ya makaburi yanayofundisha zaidi duniani.

Udhaifu wa kaburi uko sehemu tatu. Kwanza, jamii nyingi hazikuzika kila mtu. Walioachwa juu ya ardhi au kuchomwa hawamo kwenye hesabu yako. Pili, udongo wenye tindikali hula mifupa: kule Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939 ilichimbuliwa meli nzima ya mazishi ambayo mwili wake haukuonekana. Tatu, wafu wana wenyewe. Mifupa ya mtu wa Kennewick, iliyopatikana Marekani mwaka 1996, ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi; DNA ya mwaka 2015 ikathibitisha uhusiano wake na wenyeji wa asili wa Marekani, na mwaka 2017 akazikwa upya. Anayechagua makaburi kama mada ajipange kuzungumza na watu walio hai kabla ya kugusa mfupa.

Jalala

Mwaka 1973 mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchambua taka za wakazi wa mji wa Tucson, watu wa wakati wake mwenyewe, kana kwamba ni watu wa kale. Akalinganisha majibu yao kwenye dodoso na yaliyomo katika mapipa yao. Bia waliyosema wanakunywa ilikuwa kidogo kuliko chupa na makopo waliyotupa. Sijui hoja nzuri kuliko hiyo ya kuliamini jalala. Mtu hudanganya anapoulizwa, na hudanganya zaidi anapochonga jiwe la kumsifu mfalme, lakini ni nadra sana kupanga uongo ndani ya taka zake.

Kazi ya kuyatazama majalala kama hazina ilianza kwa dhati Denmark. Kando ya pwani zake kulikuwa na marundo makubwa ya makombe ya chaza yaliyodhaniwa kuwa yamesukumwa na bahari. Tume ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1848 iligundua kwamba makombe yote ni ya chaza waliokomaa, yamechanganyika na zana za mawe, majivu na mifupa ya wanyama. Bahari haichagui chaza wakubwa peke yao. Watu ndio huchagua. Mmoja wa wataalamu hao, Japetus Steenstrup, aliona jambo jingine la ajabu: mifupa ya ndege ilikuwa ya aina chache tu za sehemu za mwili. Akawapa mbwa mifupa ya ndege, akatazama wanachobakiza. Vilivyobaki vilifanana na vile vya kwenye rundo. Kwa hiyo alijua vitu viwili kwa mpigo: watu wale walifuga mbwa, na rundo lenyewe halina kila kilicholiwa. Hilo la pili ndilo watu husahau. Jalala halidanganyi kwa makusudi, ila limepitiwa na mbwa, fisi, panya na mvua kabla hujafika wewe.

Kwa chakula na msimu, hakuna kinachoshindana nalo. Katika kisiwa kidogo cha Oronsay, Scotland, kuna marundo kadhaa ya makombe ya zama za mawe. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya masikio ya samaki, ambavyo huonyesha umri wa samaki alipovuliwa. Kwa kulinganisha ukubwa wa vijiwe hivyo, watafiti waliweza kusema rundo hili lilitumika majira fulani ya mwaka na lile majira mengine. Kaburi lingekwambia mtu yule alikula samaki kwa miaka kadhaa ya maisha yake. Rundo linakwambia alivua mwezi gani, karibu.

Chakula cha wanyonge hupatikana humohumo. Herculaneum, Italia, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, ulikuwa na mfereji wa maji machafu chini ya jengo la maduka na vyumba vya watu wa kawaida. Wachimbaji walitoa humo magunia zaidi ya 700 ya kinyesi na taka. Yalikuwa na mifupa ya samaki, urchini wa baharini, maganda ya mayai, mbegu za tini na mizeituni. Kabla ya hapo maelezo mengi ya chakula cha Waroma yalitoka kwenye karamu za matajiri zilizoandikwa na matajiri. Wapangaji wa vyumba vile hawakuwa na mwandishi, na inaonekana hawakuwa wakila uji mtupu kama ilivyofikiriwa.

Biashara nayo hujieleza vizuri kwa vigae. Monte Testaccio, mjini Roma, ni kilima cha urefu wa mita 35 hivi kilichojengwa kwa mitungi ya mafuta ya mizeituni iliyovunjwa, mingi kutoka kusini mwa Hispania na mingine kutoka Afrika Kaskazini. Kwenye baadhi ya vigae bado yapo maandishi ya wino yanayotaja uzito wa mafuta na majina ya wahusika. Huo ni uchumi wa dola nzima uliowekwa mahali pamoja, na waliouweka walikuwa wakiondoa uchafu.

Nikiendelea na maandishi: watu wengi hufikiri historia ya maandishi na akiolojia ni vitu viwili, lakini sehemu kubwa ya maandishi ya kale yametoka jalalani. Kule Oxyrhynchus, Misri, Bernard Grenfell na Arthur Hunt walianza kuchimba marundo ya taka mwishoni mwa karne ya 19 wakatoa vipande vya mafunjo kwa malaki: risiti za kodi, mikataba, malalamiko, barua za watu wanaodaiana. Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya mafarao, kimeacha maelfu ya vigae na vipande vya chokaa vyenye maandishi ya haraka. Kimoja cha wakati wa Ramses II kinaorodhesha waliokosa kazini na sababu zao: huyu anaumwa macho, huyu kaumwa na nge, huyu anapika pombe. Kaburi la Tutankhamun, pamoja na vitu vyake zaidi ya 5,000, halina kitu kinachonikaribisha kwa watu wa Misri kama hicho kipande.

Siasa pia, kwa bahati. Waathene wa kale walipiga kura ya kumfukuza kiongozi kwa kuandika jina lake kwenye kigae. Mwaka 1937, katika kisima kilichofukiwa kwa taka pembeni mwa kilima cha Acropolis, vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles. Miandiko ilipolinganishwa, vilionekana vimeandikwa na watu 14 tu. Vilitayarishwa mapema ili vigawiwe kwa wapigakura, kisha vikabaki. Wanahistoria wa Athens wangeweza kusifu demokrasia ile milele bila kutujulisha hilo.

Ambacho jalala halisemi ni nani. Linachanganya kaya na kaya, mtumwa na bwana, kizazi na kizazi. Ukitaka kujua kama wanawake walikula sawa na wanaume, rundo la mifupa ya samaki halitakusaidia. Utarudi kwenye mifupa ya watu wenyewe.

Sakafu ya nyumba

Sakafu ndiyo inayoahidi zaidi na kusumbua zaidi. Inaahidi kukuonyesha kaya: nani alilala wapi, jiko lilikuwa upande gani, kazi zilifanyika wapi. Usumbufu wake ni mmoja na ni wa kukatisha tamaa: watu hufagia. Nyumba iliyotunzwa vizuri humwachia mtafiti chembe tu, magamba ya mawe madogo kuliko ukucha, majivu yaliyonasa kwenye lipu, punje iliyoungua iliyojificha ufani.

Palipo na subira matokeo ni makubwa. Çatalhöyük, Uturuki, palikaliwa kuanzia yapata mwaka 7100 KK kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyumba zilibanana bila vichochoro na watu waliingia kwa ngazi kupitia paa. James Mellaart alichimba huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ian Hodder akarudi mwaka 1993 na timu iliyotumia hadubini kusoma lipu za ukuta ambazo zilipakwa upya mara mamia. Ndani ya mbavu za baadhi ya wazee yalipatikana hata masizi ya moto wa ndani waliyovuta maisha yao yote. Nyumba zinafanana ukubwa, hakuna kasri, hakuna hekalu la wazi lililosimama peke yake.

Hapo wafu walizikwa chini ya sakafu, kwa hiyo kila mtu alidhani waliolala chini ya nyumba moja ni ukoo mmoja. Uchunguzi wa meno, kisha wa DNA, ulionyesha kwamba wengi wao hawakuwa na undugu wa karibu wa damu, na pale undugu ulipoonekana, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliukuta umeelemea upande wa wanawake. Kaya, kwa watu wale, haikuwa lazima ya damu. Hili lisingejulikana kwa sakafu peke yake wala kwa mifupa iliyotolewa bila kuandikwa ilitoka nyumba gani.

Sakafu pia ndiyo hukanusha ngano za asili ya miji. Jenné-jeno, Mali, ilichimbwa na Susan na Roderick McIntosh kuanzia mwaka 1977. Kabla yao ilisemwa kwamba miji ya Afrika Magharibi ililetwa na biashara ya Waarabu kupitia Sahara. Matabaka ya nyumba za udongo yalionyesha makazi yaliyoanza yapata mwaka 250 KK na kukua kuwa mji karne nyingi kabla ya biashara hiyo, tena bila jumba la mfalme. Katika mji wa kale wa Shanga, kwenye pwani ya Kenya, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Uislamu wa mji ule ulikua polepole ndani ya kijiji cha wenyeji, ukiongezewa nafasi kila kizazi. Kaburi lingeonyesha Mwislamu alizikwa. Jalala lingeonyesha vigae vya Uajemi. Ni sakafu juu ya sakafu iliyoonyesha mwendo wenyewe.

Mara chache watu hawapati muda wa kufagia. Ohalo II, kando ya Bahari ya Galilaya, ni vibanda vya miaka 23,000 vilivyofunikwa na maji na kuonekana tena mwaka 1989 ziwa lilipopungua. Ndani mlikuwa na jiwe la kusagia, nyasi za kulalia na mabaki ya mimea ya aina zaidi ya 140, zikiwemo nafaka za mwituni, miaka zaidi ya 10,000 kabla ya kilimo. Must Farm, Uingereza, nyumba za juu ya nguzo ziliungua na kuangukia mtoni yapata mwaka 850 KK, hazijamaliza hata mwaka. Bakuli zilizama na chakula ndani yake. Na Pompeii, mji mwingine uliofukiwa na Vesuvius, bila shaka, ila mimi nina tahadhari nayo. Ni mji uliokuwa bado ukikarabatiwa baada ya tetemeko la mwaka 62 BK, na wakazi wengi walikwisha kimbia na walivyoweza kubeba. Pia hushawishi mtu kutunga hadithi. Mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu na mtoto mapajani aliitwa mama kwa miaka mingi. DNA iliyochapishwa mwaka 2024 ilionyesha ni mwanamume asiye na undugu na mtoto huyo.

Tarehe

Anayechagua asisahau kwamba kila kimoja hupotosha umri kivyake. Kipimo cha kaboni-14, kilichobuniwa na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, hufika kama miaka 50,000 nyuma na hutaka kitu kilichowahi kuwa hai. Makombe ya jalalani huonekana ya kale kuliko yalivyo, mara nyingi kwa karne kadhaa, kwa sababu maji ya bahari yana kaboni iliyokaa muda mrefu. Mifupa ya mtu aliyekula samaki sana hubeba kosa hilohilo. Nguzo ya nyumba inaweza kuwa ya mti uliokatwa zamani na kutumika mara ya pili. Punje ya nafaka iliyoungua, ambayo huishi msimu mmoja tu, ndiyo shahidi bora kuliko vyote hivyo, na hupatikana zaidi jalalani na jikoni kuliko kaburini.

Basi uchague kipi

Kama swali lako ni cheo, imani, uhamaji, magonjwa au vurugu, chukua kaburi, lakini kaburi ambalo mifupa yake imepimwa. Ukikuta maelezo yanayotegemea silaha na shanga peke yake kuamua jinsia au daraja la mtu, yasome kama dhana. Kwa chakula, msimu, biashara na kazi za mikono, nenda jalalani bila kusita. Kwa kaya, ujirani, na namna mji ulivyoanza, itakubidi uvumilie sakafu.

Anayefundisha watoto nadhani atafaulu zaidi kwa jalala. Wanaelewa haraka, na hawahitaji kuonyeshwa maiti. Anayeandika tasnifu bila fedha za maabara ajihadhari na kaburi, kwa kuwa siku hizi kaburi bila DNA na isotopu (zile alama za kemikali za kwenye meno na mifupa) ni nusu ya hoja. Jalala lina maktaba za vigae na mifupa zilizolala kwenye stoo za makumbusho zikisubiri mtu wa kuzihesabu, na kuhesabu ni bure.

Ukiwa huru kuchagua eneo lolote, tafuta lile ambalo vitu vyote vitatu viko pamoja na vilichimbwa na watu walewale kwa utaratibu uleule. Çatalhöyük ndiyo ninayoipendekeza kwanza, maana wafu wako chini ya sakafu na taka ziko uwanjani kati ya nyumba na nyumba. Liepuke eneo lililoharibiwa mapema, hata likiwa na jina kubwa. Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, ni somo chungu: kati ya 1902 na 1904 Richard Hall aliondoa matabaka ya udongo yenye mabaki ya wajenzi wenyewe, akiyaona uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wageni. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, kwa kutumia sehemu zilizosalimika. Sakafu alizotupa Hall haziwezi kuchimbwa mara ya pili.

Jambo la mwisho la kuangalia kwenye ripoti, kabla hujaifanya msingi wa kazi yako, ni chekeche. Tafuta ukurasa unaosema udongo ulichekechwa kwa matundu ya ukubwa gani, na kama uliloweshwa majini ili mbegu zilizoungua zielee. Utaratibu huo wa kuelesha mbegu ulienea kuanzia miaka ya 1960. Ripoti ya kabla ya hapo ikisema watu fulani hawakula samaki wala mboga, mara nyingi maana yake ni kwamba miiba na mbegu zilipita kwenye koleo na kurudi ardhini.